Kenge wa Gavana Gerry na kalamu ya kukata majimbo

Mwombe mtu aliyepita chuo kikuu hapa nchini akutajie Wamarekani wa zama za George Washington. Atakutajia Washington mwenyewe, Jefferson, na pengine Franklin kwa kuwa sura yake ipo kwenye noti ya dola mia moja. Elbridge Gerry hamtaji mtu. Bwana huyu alitia saini Azimio la Uhuru la mwaka 1776, akawa gavana wa Massachusetts, akafa akiwa Makamu wa Rais wa Marekani. Yote hayo yamesahaulika. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye ramani, na jina lake likiwa limeunganishwa na la mjusi.

Nilianza kumfuatilia Mei 2025, pale Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo manane mapya ya ubunge. Chumba cha habari kilikuwa na kelele kama mnada wa ng'ombe, kila mtu anauliza nani atagombea wapi na nani ameachiwa upande gani. Mimi ni mtoto wa Ushirombo, na nusu ya majimbo yale iliangukia huku kwetu: Katoro na Chato Kusini katika Mkoa wa Geita, Itwangi Shinyanga, na Bariadi Mjini Simiyu. Mengine yalikwenda Dar es Salaam (Kivule na Chamazi), Dodoma (Mtumba) na Mbeya (Uyole). Wenzangu waliandika habari za wagombea. Mimi nikabaki na swali la kalamu: nani anaishika, na anachora akiwa anamtazama nani?

Kwa hiyo turudi kwa Gerry. Alizaliwa mwaka 1744 Marblehead, mji wa wavuvi na wafanyabiashara wa pwani ya Massachusetts. Usimwone kama mhuni wa kisiasa. Mwaka 1787, wajumbe walipokuwa wamemaliza kuandika Katiba ya Marekani kule Philadelphia, watu watatu tu kati ya waliobaki ukumbini walikataa kuisaini, na yeye alikuwa mmojawao. Mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba haikuwa na orodha ya haki za raia. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye miaka 25 baadaye jina lake likawa tusi la uchaguzi. Siasa bwana!

Mwaka 1810 alichaguliwa gavana kupitia chama cha Democratic-Republican, kilichokuwa kikikamiana na Federalist. Chama chake kilipolishika Bunge la jimbo, kikaona kisiiache bahati ilale. Kikachora upya wilaya za uchaguzi wa Seneti ya Massachusetts. Gerry akauweka saini muswada huo Februari 11, 1812. Waandishi wa maisha yake wanasema hakuufurahia. Lakini saini ni saini, na historia haimwulizi mtu alikuwa na uso gani wakati wa kusaini.

Wilaya moja ya kaunti ya Essex ndiyo iliyovunja rekodi. Iliuzunguka ukingo wa kaunti, ikaanzia kusini karibu na Boston, ikapita Salem na Marblehead alikozaliwa gavana mwenyewe, ikapanda magharibi hadi Andover, ikapinda tena hadi Salisbury baharini. Machi 26, 1812 gazeti la Boston Gazette likachapisha ramani hiyo ikiwa imeongezwa mabawa, kucha na kichwa chenye meno. Wakaiita Gerry-mander, kwa kuunganisha jina la gavana na salamanda, mjusi wa majimaji. Kama gazeti lile lingechapishwa Ushirombo, nadhani mchoraji angeleta kenge, na hata methali ingekuwa tayari mfukoni: msafara wa mamba, kenge naye yumo. (Jambo dogo la kuchekesha: Gerry alilitamka jina lake kwa G ya gari. Wamarekani wa leo karibu wote hulitamka neno hilo kwa J. Hata matamshi wamemnyima.)

Sasa tazama matokeo. Katika uchaguzi wa Seneti mwaka huo, Federalist walipata kura 51,766 na wapinzani wao 50,164. Waliopata kura nyingi wakaambulia viti 11. Waliopata chache wakachukua 29. Na Gerry je? Ugavana hauna wilaya, huhesabiwa jimbo zima, kwa hiyo kenge hakumsaidia. Alishindwa na Caleb Strong wa Federalist. Ramani ilikiokoa chama, ikamwacha aliyeisaini nje ya mlango. James Madison akamchukua kuwa Makamu wa Rais mwaka 1813, na Novemba 1814 akafariki.

Wala hakuwa wa kwanza. Inasemekana mwaka 1788 huko Virginia, Patrick Henry alishawishi wilaya ichorwe kwa namna ya kumfungia njia huyo huyo Madison asiingie Bunge la kwanza. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka simulizi hiyo, na kwa vyovyote Madison alishinda. Gerry alipata bahati mbaya ya kuishi mji wenye gazeti lenye mchoraji hodari.

Mchezo wenyewe unafanyikaje? Chukua wapiga kura 50 na majimbo matano, kila moja watu kumi. Tuseme kuna Chama cha Pamba chenye watu 30 na Chama cha Mpunga chenye 20. Ukiwa wewe ndiye Mpunga na kalamu iko mkononi mwako, unawarundika watu wa Pamba kwenye majimbo mawili, tisa kwa mmoja kila jimbo. Wale 12 waliobaki unawatawanya wanne wanne kwenye majimbo matatu, ambako wewe una sita sita. Kura zimepigwa, zimehesabiwa kwa uaminifu, hakuna hata karatasi moja iliyoibwa. Pamba ana kura 30 na viti viwili. Mpunga ana kura 20 na viti vitatu, na anaunda serikali. Kurundika na kutawanya, basi. Mengine yote ni mapambo.

Hapo kwenye uaminifu wa kuhesabu ndipo panaponisumbua. Sisi tumezoea kuulinda uchaguzi siku ya kura. Mawakala, fomu za matokeo, tochi, kulala kituoni. Wakati huo kazi ya kalamu huwa imekwisha zamani.

Na kama unadhani haya ni ya Wazungu wa karne ya 19, mfano mzito kuliko wote ninaoujua uko Zanzibar, na baadhi ya waliopiga kura zile bado wako hai.

Januari 1961 Zanzibar ilikuwa na majimbo 22. ASP ikapata 10, ZNP (Hizbu) 9, ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake ASP ililichukua kwa tofauti ya kura moja. Kura moja! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, zikawa 11 kwa 11 na serikali haikuweza kuundwa. Likaongezwa jimbo moja, yakawa 23, ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni mwaka huo huo. ASP ikapata karibu nusu ya kura zote, na viti 10. ZNP viti 10, ZPPP 3, wakaungana na Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Ghasia zilizoanza siku ya uchaguzi ule ziliua watu 68.

Halafu Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Majimbo yameongezwa hadi 31. ASP ikapata asilimia 54 ya kura. Zaidi ya nusu, bila ubishi. Viti? 13. ZNP ilipata chini ya theluthi moja ya kura na viti 12, ZPPP asilimia 16 hivi na viti sita. Jumla 18 kwa 13. Chama chenye kura nyingi kikakaa upinzani, na Desemba 10, 1963 bendera ya uhuru ikapandishwa na serikali iliyokuwa na kura pungufu. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi.

Niwe mwangalifu hapa, maana jambo hili bado lina moto. Sisemi Mapinduzi yaliletwa na ramani. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na utumwa na kumbukumbu zake, kulikuwa na ubaguzi, kulikuwa na polisi waliofukuzwa kazi. Wala sisemi waliochora mipaka ile walikaa chini wakapanga njama. Hesabu yenyewe ilitosha. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo ya Unguja ambako ilishinda kwa mafuriko, wakati wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Ule ni mfano wangu wa Pamba na Mpunga, umetoka kwenye karatasi ukaingia kwenye nchi yenye watu. Hata kama kalamu haikuwa na nia mbaya, aliyeshindwa akiwa na kura nyingi hatakusikiliza ukimweleza habari za nia.

Na kalamu haikupumzika Zanzibar. Kwenye uchaguzi wa mwaka 2000 Pemba, ngome ya CUF, ilikuwa na majimbo 21 na Unguja 29. Kufikia 2005 Pemba ilikuwa na 18 na Unguja 32. Hoja iliyotolewa ni kuhama kwa watu, na kweli Mjini Magharibi ilikuwa imefurika watu. Lakini upinzani uliona viti vitatu vimevuka bahari na kutua upande wa pili. Kila upande ulikuwa na namba zake mkononi, ndiyo maana ramani ni silaha nzuri: daima ina kisingizio cha heshima.

Wenzetu wa Kenya nao wana yao. Mwaka 1992 Moi alipata kura za urais asilimia 36 hivi, lakini KANU ikatoka na viti 100 kati ya 188 vya kuchaguliwa. Wapinzani walikuwa wamegawanyika, hilo ni kweli. Ila pia majimbo yenye watu wachache yalikuwa mengi kwenye ngome za chama tawala, na majimbo ya Nairobi yalibeba umati. Katiba yao ya mwaka 2010 ikaweka majimbo 290 na kikomo cha jinsi jimbo linavyoweza kupishana na wastani wa watu: asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko.

Sasa nirudi nyumbani, maana Bukombe yangu ni mfano unaoharibu hadithi iliyonyooka.

Wilaya ya Bukombe ilimegwa kutoka Kahama miaka ya 1990, Mkoa wa Shinyanga. Sensa ya 2002 iliikuta na watu karibu laki nne, mbunge mmoja. Mwaka 2010 Tume iliongeza majimbo saba, kutoka 232 hadi 239, na Bukombe ikawa miongoni mwa yaliyokatwa: Bukombe ikabaki na Ushirombo na Runzewe, Mbogwe ikaenda na Masumbwe. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka wazee wakibishana barazani, mmoja akisema tumepewa, mwingine tumenyang'anywa, maana Masumbwe ni soko na kila mmoja alikuwa na ndugu kule. Angalia pia mpangilio: jimbo la Mbogwe lilitangulia, wilaya ya Mbogwe ikafuata mwaka 2012, mwaka ule ule tulipoamka si Wanashinyanga tena, tumekuwa watu wa Geita.

Kama kalamu ya 2010 ilichorwa kukinufaisha chama tawala, basi ilikuwa kalamu ya Gerry kwelikweli. Bukombe, iliyokuwa ya CCM, ikachukuliwa na Profesa Kulikoyela Kahigi wa Chadema, yule mwanaisimu na mshairi ambaye mliosoma Kiswahili pale Mlimani mnamfahamu. Mbogwe ikabaki CCM kwa Augustino Masele. Maswa nayo iligawanywa mwaka huo, na Chadema ikachukua vipande vyote viwili. Singida Kusini ikagawanywa, na kipande cha Mashariki kikamwingiza bungeni mtu anayeitwa Tundu Lissu. Fikiria: mmoja wa wapinzani wakali kuliko wote katika historia ya Bunge letu aliingilia mlango uliochongwa na ugawaji wa majimbo. (Mwaka 2015 Bukombe ilirudi CCM kwa Doto Biteko, aliyekuja kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023.)

Kwa hiyo mimi simo katika kundi linaloona njama kwenye kila jimbo jipya. Mkoa wa Geita una watu karibu milioni tatu kwa sensa ya 2022, na mpaka 2025 ulikuwa na majimbo saba. Yeyote aliyepita Katoro siku ya biashara, akaona wachimbaji, wauza vitenge, bodaboda na malori yanavyogombania barabara, hawezi kusema mji ule haukustahili mbunge wake. Kipimo kilichotangazwa kilikuwa wazi pia, watu wasiopungua 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Na hata baada ya kugawa, mzani wa jumla bado haujakaa sawa. Kati ya majimbo 272 ya sasa, 222 ni ya Bara kwa watu takriban milioni 59.9, ambao ni wastani wa kama watu 270,000 kwa mbunge. Zanzibar ina 50 kwa watu milioni 1.9, kama 38,000 kwa mbunge. Hiyo ni bei ya Muungano, nchi mbili zilizoungana haziwezi kuhesabiana vichwa tu. Ila tuitaje kwa jina lake, ni uamuzi wa kisiasa.

Ninachokishuku ni meza ambayo ramani inachorewa. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume kazi ya kugawa majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais. Rais ambaye kwa kawaida ndiye mwenyekiti wa chama kinachoshindana kwenye majimbo hayo hayo, na ndiye anayemteua mwenyekiti wa Tume. Maombi yenyewe hupanda kupitia halmashauri na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, ambavyo vinaongozwa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wateule wa Rais vilevile. Kisha ibara ya 74(12) inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza lililofanywa na Tume katika kutekeleza kazi zake kwa mujibu wa Katiba. Mkenya asiyeridhika na mpaka wa jimbo lake anaweza kwenda Mahakama Kuu, imeandikwa kwenye ibara ya 89 ya Katiba yao. Mtu wa Namonge au Lulembela asiyeridhika anaweza kwenda kunywa kahawa.

Kuna kitu kinachonishangaza hapa. Marekani, baada ya miaka mingi ya kesi, Mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2019, majaji watano kwa wanne, kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua malalamiko ya ramani zilizochorwa kwa upendeleo wa chama. Mlango ukafungwa. Mwaka 2025 Texas ikachora upya ramani katikati ya muongo ili Republican wajiongezee viti vitano, na California ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba 2025 ili Democrats nao wajichoree vyao. Kenge amezaa. Kwa jambo hili moja, wao wametembea zaidi ya miaka 200 wakatukuta sisi tumekaa pale pale wanapofikia.

Najua kuna atakayesema ninahangaika na mipaka wakati uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika Chadema ikiwa haimo kabisa kwenye karatasi za kura. Ni kweli. Ramani nzuri kuliko zote haina kazi kama mshindani mkuu hayupo. Lakini karatasi za kura hubadilika kila miaka mitano. Mipaka hukaa muda mrefu zaidi, na Katiba inataka ipitiwe angalau kila miaka kumi.

Bukombe ilihesabiwa watu zaidi ya laki nne mwaka 2022. Kwa kipimo kile kile cha vijijini, zamu yetu ya kukatwa tena haiko mbali. Mstari utapita wapi? Runzewe peke yake imekua kuliko Ushirombo ilivyokuwa nikiwa mtoto. Ukiiweka Uyovu upande mmoja na Igulwa na Katente upande mwingine, unapata majimbo ya aina moja. Ukizichanganya kata za mjini na za pembezoni, unapata ya aina nyingine, na mbunge wa aina nyingine. Siku hiyo, kabla kibali hakijatolewa, ninachotaka kukiona kimebandikwa kwenye ubao wa halmashauri ni karatasi mbili tu: ramani inayopendekezwa, na idadi ya watu kata kwa kata. Mchoraji wa kuongeza mabawa na kucha, kama patakuwa na haja, tutamtafuta wenyewe.